Jinsi ya kupima machapisho ya mtafiti wa tiba na uzito wa marejeleo yake

Mtafiti wa tiba anapoomba kupandishwa cheo, anapowania ruzuku au anapopendekezwa kuongoza kituo, lazima mtu fulani aeleze kwa maandishi amechapisha nini na kazi zake zimetumiwa kiasi gani na watafiti wengine. Mara nyingi jukumu hilo humwangukia mkutubi au katibu wa kamati, naye hupewa siku mbili. Nimelifanya kwa miaka kadhaa nikiwa mkutubi wa tiba, na jambo ninaloliamini zaidi ya mengine yote ni kwamba tarakimu zenyewe hupatikana kwa dakika chache, ilhali orodha ya makala inayozizalisha ndiyo inayohitaji siku nzima ya uangalifu. Kosa likishaingia kwenye orodha, hakuna hesabu itakayoliondoa.

Katika mwongozo huu, makala huhesabiwa kuwa imerejelewa kila mara makala nyingine inapoitaja katika orodha yake ya marejeleo. Marejeleo 40 yana maana kwamba kazi nyingine 40 zimeitaja. Hayasemi kama zimeisifu, zimeipinga au zimeitaja kwa kupita tu.

Andika swali kabla ya kuwasha kompyuta

Kamati inayotaka kujua kama mtafiti kijana ameanza kujitegemea haihitaji kipimo kilekile kinachohitajiwa na kamati inayotafuta profesa wa kuongoza idara. Andika katika sentensi moja au mbili kinachoulizwa, kipindi kinachohusika na aina za machapisho yatakayohesabiwa, kisha mwombe mwenyekiti aidhinishe maneno hayo kabla hujaanza kutafuta. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu kipimo kinachochaguliwa baada ya tarakimu kuonekana huwa kimechaguliwa kwa faida au kwa hasara ya mtu fulani, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Jenga orodha safi ya machapisho

Mwombe mtafiti wasifu wake wa kitaaluma pamoja na namba yake ya ORCID, ambayo ni utambulisho wa tarakimu 16 unaotolewa bure tangu mwaka 2012 ili kuwatofautisha watafiti wenye majina yanayofanana. Kisha fanya utafutaji wako mwenyewe, bila kuutegemea wasifu huo, katika PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na katika kanzidata nyingine moja au mbili. Weka matokeo yote kwenye lahajedwali, kila makala katika mstari wake, na uyalinganishe kwa DOI, yaani namba ya kudumu ambayo makala nyingi za sasa hupewa na mchapishaji. Kichwa cha makala kinaweza kuandikwa kwa namna tatu katika kanzidata tatu, lakini namba hiyo haibadiliki.

Kazi ngumu zaidi hapa ni majina, hasa ya watu wetu. Kanzidata hizi zilijengwa juu ya desturi ya jina la ukoo, ilhali watu wengi wa Afrika Mashariki hutumia jina lao, la baba na la babu. Mtafiti mmoja anaweza kuorodheshwa kwa jina la babu katika jarida moja na kwa jina la baba katika jingine. Mohamed huwa Mohammed na baadaye Muhammad. Mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa hugawanyika kuwa watafiti wawili, kila mmoja akiwa na nusu ya kazi yake, na kamati isiyojua huwaona wote wawili kuwa dhaifu. Kinyume chake hutokea pia: A. Mohamed wa magonjwa ya watoto na A. Mohamed wa upasuaji huunganishwa na mashine kuwa mtu mmoja mwenye tija isiyo ya kawaida. Niliwahi kukuta katika ukurasa wa daktari wa macho makala kadhaa za uhandisi wa saruji, ambazo programu ilikuwa imeziingiza yenyewe na mwenye ukurasa hajawahi kuziona.

Kwa hiyo tafuta kila umbo la jina, na kwa kila makala hakiki mambo matatu: taasisi iliyoandikwa chini ya jina, waandishi wenzake na mada. Makala ikikosa mawili kati ya hayo, iweke pembeni na umwulize mwenyewe. Usiifute wala usiihesabu kwa kubahatisha.

Halafu ondoa marudio. Mukhtasari wa mkutano, rasimu iliyowekwa hadharani kabla ya kuhakikiwa na makala kamili iliyotoka jaridani ni hatua tatu za kazi moja, nazo zihesabiwe kama chapisho moja. Barua kwa mhariri, tahariri na masahihisho yawekwe katika kundi lake. Hakiki pia kama kuna makala iliyoondolewa na jarida baada ya kuchapishwa. Orodha ya Retraction Watch imekuwa wazi kwa kila mtu kupitia Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, tangu mwaka 2023, na utafutaji huo hauchukui muda. Kuhusu majarida yanayopokea ada bila kuhakiki chochote, usiridhike na tovuti yenye mapambo: tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au African Journals Online, na kama wahariri waliotajwa ni watu halisi wanaokiri kuwa wanalihariri.

Chagua chanzo cha marejeleo na usikichanganye na kingine

Hesabu ya marejeleo kwa njia tunayoijua leo ilianzishwa na Eugene Garfield, ambaye taasisi yake ilianza kutoa Science Citation Index mwaka 1964. Kazi hiyo ndiyo iliyokua kuwa Web of Science, inayomilikiwa sasa na Clarivate. Mwaka 2004 zikaja Scopus ya Elsevier na Google Scholar, na mwaka 2022 ikaanza OpenAlex, ambayo data zake ni za bure na zinaweza kupakuliwa.

Mtafiti yuleyule, siku ileile, atakuwa na tarakimu tofauti katika kila chanzo, na hiyo haina maana kwamba kuna anayedanganya. Web of Science na Scopus huhesabu marejeleo yanayotoka katika majarida yaliyochujwa. Google Scholar hukusanya pia tasnifu, vitabu, ripoti na rasimu, na wakati mwingine hurudia kitu kilekile, ndiyo maana tarakimu zake kwa kawaida ndizo kubwa kuliko zote. Mchujo nao una gharama yake: majarida mengi ya tiba ya Afrika hayamo katika kanzidata hizo mbili kubwa, kwa hiyo mtafiti wa usubi au kichocho ambaye husomwa hasa na wataalamu wa ukanda huu huonekana mdogo kuliko alivyo.

Mimi hutumia vyanzo viwili, kimoja kilichochujwa na kimoja kipana, na kuandika tarakimu zake katika safu mbili zilizo wazi, pamoja na tarehe ya kutafuta. Jambo lisilokubalika ni kuchukua tarakimu ya mwombaji mmoja kutoka Google Scholar na ya mwenzake kutoka Scopus, kisha kuzilinganisha. Nimeliona likifanyika katika karatasi rasmi za kamati, na mtu alikosa nafasi kwa sababu hiyo.

Tambua aina ya makala na nafasi ya mwandishi

Ongeza safu mbili kwenye lahajedwali. Ya kwanza ionyeshe aina ya makala: utafiti mpya, jaribio la kitabibu, mapitio ya tafiti zilizotangulia, taarifa ya mgonjwa mmoja au mwongozo wa matibabu. Makala za mapitio kwa kawaida hurejelewa zaidi ya tafiti mpya, kwa kuwa waandishi huona ni rahisi kutaja pitio moja badala ya tafiti kumi, kwa hiyo mtafiti mwenye mapitio mengi asilinganishwe kwa tarakimu tupu na mwenzake aliyekaa wodini miaka mitano akikusanya data.

Safu ya pili ionyeshe nafasi ya jina. Katika tiba, mwandishi wa kwanza kwa desturi ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu, na wa mwisho ndiye aliyeongoza utafiti. Walio katikati wanaweza kuwa wamechangia sana au kidogo, na mpangilio wa majina hausemi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti 4 ambayo mwandishi anapaswa kuyatimiza yote: mchango halisi katika utafiti, ushiriki katika kuandika au kuhariri, kuidhinisha toleo la mwisho na kukubali kuwajibika kwa kazi. Majarida mengi sasa huchapisha pia maelezo ya mchango wa kila mwandishi mwishoni mwa makala. Yasome hayo badala ya kukisia.

Makala za miungano mikubwa zinahitaji uangalifu wa pekee. Makala za mradi wa Global Burden of Disease, unaokadiria mzigo wa magonjwa duniani, zinazotoka katika The Lancet huwa na mamia ya waandishi, nazo hurejelewa mara maelfu. Mtafiti aliyeshiriki katika tano kati ya hizo hupata jumla ya marejeleo inayozidi ya mtu aliyeongoza majaribio yake mwenyewe kwa miaka 20. Ushiriki huo ni halali na una thamani, hasa kwa nchi zetu ambazo data zake zilikuwa hazionekani kabisa. Hata hivyo, toa hesabu mara mbili, pamoja na makala hizo na bila hizo, na uiachie kamati ione tofauti.

Fanya hesabu za msingi

Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi isiyorejelewa. Tuseme mtafiti ana makala 12 zilizorejelewa mara 64, 31, 22, 15, 9, 7, 7, 5, 3, 1, 0 na 0. Jumla ni marejeleo 164, na wastani ni kama 13.7 kwa kila makala. Thamani ya katikati ya orodha, hata hivyo, ni 7 tu. Tofauti hiyo inatokana na makala moja au mbili kubeba mzigo wa nyingine zote, hali iliyo ya kawaida katika machapisho ya tiba, na ndiyo sababu wastani peke yake haupaswi kuandikwa kamwe.

Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ili kukipata, shuka na orodha ukihesabu nafasi hadi ufikie makala ya mwisho ambayo marejeleo yake hayapungui namba ya nafasi yake. Katika mfano wetu makala ya 7 imerejelewa mara 7, lakini ya 8 imerejelewa mara 5 tu, kwa hiyo h ni 7. Kipimo cha i10, kinachotumiwa na Google Scholar, huhesabu makala zilizorejelewa angalau mara 10, nacho hapa ni 4.

Angalia jinsi h inavyofanya kazi kabla ya kuiamini. Makala ya kwanza ikipanda kutoka marejeleo 64 hadi 640, h haitabadilika. Lakini tuseme kila moja ya zile makala mbili zenye marejeleo 7 ilitajwa mara 2 na mwandishi mwenyewe katika kazi zake za baadaye. Ukiyaondoa marejeleo hayo 4, zinabaki na 5 kila moja, na h inashuka kutoka 7 hadi 5. Kujirejelea si kosa, kwa sababu mtu anayefuatilia tatizo moja kwa miaka mingi lazima ataje kazi yake ya awali, lakini kwa kuwa machache tu yanaweza kusogeza kipimo namna hiyo, andika h mbili, moja ikiwa na marejeleo ya mwenyewe na nyingine bila hayo. Scopus na Web of Science hukuwezesha kuyaondoa kwa kubonyeza tu.

Kumbuka pia kwamba h ya jumla haishuki kwa kupita kwa muda. Inaweza kuendelea kupanda hata kama mtafiti ameacha kazi, kwa hiyo humpendelea mzee dhidi ya kijana. Hirsch mwenyewe alipendekeza kuigawa kwa idadi ya miaka tangu chapisho la kwanza. Ukifanya hivyo, uliza kwanza kama kulikuwa na miaka ya uzazi, ya ugonjwa au ya utumishi wa hospitali usio na utafiti, na uiondoe katika hesabu ikiwa kanuni za taasisi zinaruhusu.

Linganisha ndani ya fani na kwa muda unaofaa

Marejeleo 30 kwa makala ya saratani iliyotoka miaka sita iliyopita yanaweza kuwa ya kawaida, ilhali marejeleo hayohayo kwa makala ya tiba ya kuumwa na nyoka yanaweza kuwa mengi sana, kwa sababu tu wanaoandika kuhusu nyoka ni wachache. Usilinganishe daktari wa upasuaji na mtaalamu wa jenetiki kwa tarakimu tupu.

Vipo vipimo vilivyosawazishwa kwa fani na mwaka. Scopus hutoa kimoja ambacho 1.00 ni wastani wa dunia kwa makala za aina, mwaka na fani ileile. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hutoa kingine, bila malipo, kupitia huduma ya iCite, kinachoitwa RCR, ambapo 1.0 ni thamani ya katikati ya makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo. RCR hukokotolewa kwa makala zilizomo katika PubMed, na kwa taasisi isiyo na uwezo wa kulipia kanzidata ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Lakini kwa mtafiti mwenye makala chache, makala moja iliyovuma hupandisha wastani wa vipimo hivi pia, kwa hiyo taja vilevile ni makala ngapi zimeingia katika asilimia 10 ya juu ya fani yake.

Muda una mambo yake. Virusi vya Zika vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1947, kutoka kwa nyani wa majaribio aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, na Dick, Kitchen na Haddow wakachapisha matokeo mwaka 1952. Kwa zaidi ya nusu karne makala hiyo ilitajwa na watu wachache, hadi mlipuko wa Brazil wa 2015 na 2016 ulipoifanya irejelewe na karibu kila aliyeandika kuhusu ugonjwa huo. Chikungunya, iliyoelezwa mwaka 1955 kutokana na mlipuko wa uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika na ambayo bado inabeba jina la Kimakonde, ilipitia njia kama hiyo hadi milipuko ya pwani ya Bahari ya Hindi kuanzia 2004. Kamati ambayo ingeipima maabara ya Entebbe kwa kipindi cha miaka miwili au mitano ingeandika kwamba kazi yake haina athari. Ninapopima watafiti wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, hutaja kipindi nilichotumia na kueleza kwa nini ni kifupi kwa fani hiyo.

Usimpime mtu kwa jarida lake

Alama ya athari ya jarida hupatikana kwa kuchukua marejeleo ya mwaka mmoja yanayoelekezwa kwa makala za miaka miwili iliyotangulia na kuyagawa kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio za miaka hiyo. Ni wastani wa jarida zima, na makala nyingi ndani yake ziko chini ya wastani huo. Azimio la San Francisco, DORA, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, linataka alama hiyo isitumiwe kumpima mtafiti mmojammoja katika ajira, vyeo au ruzuku. Kanuni za taasisi yako zikiidai bado, iandike kama zinavyoagiza, lakini kando yake weka marejeleo halisi ya kila makala.

Fungua marejeleo na uyasome

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa ndiyo yenye faida kubwa. Chukua makala 3 hadi 5 ambazo mtafiti mwenyewe anaziona kuwa muhimu, kisha soma walivyoandika wanaozitaja. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela iliondolewa na The Lancet mwaka 2010, na imerejelewa mara nyingi mno, kwa sehemu kubwa na watu wanaoipinga. Kwa tarakimu tupu ingeonekana kuwa kilele cha maisha ya mtafiti.

Upande wa pili ni jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Lilifanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,100 waliolazwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Watafiti walitarajia kwamba kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka kungeokoa maisha, lakini ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.5 kwa waliopewa maji hayo na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Baadhi ya makala zinazoitaja kazi hiyo hubishana nayo vikali, na ubishi huo ni ushahidi kwamba iligusa mazoea ya madaktari. Hali kadhalika, jaribio la AQUAMAT la mwaka 2010, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, lilionyesha kwamba artesuneti hupunguza vifo vya malaria kali kuliko kwinini, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Hakuna kipimo cha h kinachoonyesha mtoto aliyechomwa sindano ya artesuneti Muheza au Kilifi badala ya kuwekewa dripu ya kwinini.

Kwa hiyo tafuta makala za mtafiti katika miongozo ya matibabu ya wizara za afya na ya Shirika la Afya Duniani. Overton na Altmetric hufuatilia nyaraka za sera, lakini nyingi za nchi zetu hazimo, na itakubidi ufungue mwongozo wenyewe na kupitia orodha yake ya marejeleo kwa macho. Nukuu ukurasa na mwaka wa toleo.

Andika ripoti ya kurasa mbili

Anza na swali lililoidhinishwa, kisha vyanzo, tarehe ya utafutaji na maumbo ya jina yaliyotafutwa. Fuatisha jedwali moja lenye idadi ya makala kwa aina, makala ambazo mtafiti ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, jumla ya marejeleo, thamani ya katikati, h ya aina zote ulizokokotoa, na kipimo kimoja kilichosawazishwa kwa fani. Chini yake andika aya fupi kwa kila moja ya zile makala 3 hadi 5, ukieleza iligundua nini, mtafiti alifanya nini ndani yake na nani ameitumia. Usitoe tarakimu moja ya jumla inayodai kumfupisha mtu, hata ukiombwa.

Kabla ya kuiwasilisha, mpelekee mtafiti orodha ya makala pamoja na tarakimu zake, umpe siku saba za kusahihisha, na uandike kila alichokubali au alichokipinga. Hifadhi lahajedwali pamoja na matokeo ya utafutaji uliyoyapakua siku hiyo, kwa sababu kanzidata hubadilika kila wiki na mtu akikata rufaa miezi sita baadaye hutaweza kuzipata tena tarakimu zilezile.